Maswali ya Wasomaji: Je, mbegu niliyoiweka mwenyewe inafaa?

SWALI: Mimi ni mkulima wa mahindi na kunde wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Msimu uliopita nilinunua mahindi chotara, yakazaa vizuri, nami nikachambua yale makubwa kutoka kwenye rundo la mavuno nikayaweka kuwa mbegu. Msimu huu mengine yamenipita kimo, mengine yameishia kiunoni, na mengi yamebeba vihindi vidogo. Kunde nilizoweka kwa namna hiyohiyo zimestawi. Je, niache kabisa kuweka mbegu za mahindi?

JIBU: Ndugu mkulima, pole sana kwa hasara hiyo. Mbegu chotara hupatikana kwa kukutanisha wazazi wawili waliotunzwa kwa vizazi vingi hadi tabia zao zikatulia. Mtoto wao hupata nguvu ya wote wawili, lakini ukipanda punje alizozaa, wajukuu hutawanyika, kila mmoja akifuata upande wake, na ile nguvu hupungua. Kwa hiyo chotara hununuliwa kila msimu. Kunde hujichavusha zenyewe ndani ya ua, na ndiyo maana watoto wake hufanana na mama yao.

Huna haja ya kuacha. Anza na mahindi yasiyo chotara, kama vile Staha au TMV-1, kisha ubadili mahali pa kuchagulia, kwa maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Hindi kubwa lililoko kwenye rundo halikuelezi limetoka wapi: pengine shina lake lilisimama peke yake pembeni, karibu na zizi, likanywa mbolea ya ng'ombe bila mshindani. Pita shambani mahindi yakiwa bado mabichi, ukifunga kitambaa kwenye mashina imara yaliyobeba vizuri huku yakizungukwa na wenzake, na ukiyaacha yenye michirizi ya njano kwenye majani au yaliyoanguka. Pita tena yakikaribia kukauka, ufungue kitambaa kwenye kila shina lililougua baadaye. Chagua katikati ya shamba, kwa sababu chavua ya mbelewele hupeperushwa na upepo, na jirani aliyepanda aina nyingine chini ya mita 200 kutoka kwako anaweza kukuchanganyia mbegu bila kukusudia. Ekari moja huhitaji takriban kilo 10 tu, lakini hata kiasi hicho kitoke kwenye mashina 100 au zaidi, la sivyo baada ya misimu michache mahindi yako yatakuwa ya ukoo mmoja na yatadhoofika.

Kwa kunde, ng'oa mapema mashina yenye batobato, yaani ugonjwa wa mabaka kwenye majani, kwani ugonjwa huo unaweza kusafiri ndani ya punje.

Kukausha kusifanywe kwa haraka. Tia punje chache za mahindi pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, utikise, kisha uiache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mbegu juani. Hata isipoganda, mimi huongeza siku mbili za jua, kwa kuwa mbegu hutaka ukavu zaidi ya mahindi ya chakula. Bibi zetu walining'iniza mahindi ya mbegu juu ya meko, na moshi ule ulifukuza wadudu kweli, ingawa moto mkali ukiwa karibu huua kiini cha punje. Siku hizi mifuko isiyopitisha hewa husaidia zaidi, kwani fukusi na dumuzi waliomo hukosa pumzi wakafa, mradi mfuko usifunguliwe ovyo wala kutobolewa na panya.

Kupanda mbegu yako katika shamba lako hakuna tatizo. Ukitaka kuwauzia wengine, waone kwanza wakaguzi wa TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ambayo makao yake makuu yako hapohapo Morogoro, wakueleze utaratibu wa mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, yaani zile zinazozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi.

Wiki mbili kabla ya kupanda, funga punje 100 katika kitambaa chenye unyevu na uzihesabu siku ya saba. Zikiota 85 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa 70, ongeza punje katika kila shimo. Zikishuka chini ya nusu, tafuta mbegu nyingine, na hizo, kama hukuzitia dawa, wape kuku.