Lenzi za Baba Mkwe Si Mapambo ya Kabatini

Shangazi, nina miaka tisa ya ndoa. Mume wangu anapenda kupiga picha ila ana kamera ya kizamani ya filamu, Nikon ya chuma aliyoachiwa na marehemu baba yake pamoja na lenzi tatu. Siku hizi haitumii. Kila Jumapili anazitoa lenzi kabatini, anazifuta, anazitazama dirishani, anazirudisha. Nataka kumshtukiza kwa kamera ya kisasa ya DSLR, ile ya kidijitali inayobadilishwa lenzi, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Muuzaji amenionyesha Canon yenye lenzi mbili, megapikseli 32, toleo jipya kabisa, na nimeshatoa kianzio kwenye akiba yetu. Tatizo, mume wangu ni mgumu wa kushukuru. Saa niliyomnunulia haivai, viatu alimpa mdogo wake. Safari hii nataka afurahi, nami nipate picha nzuri za kuweka mtandaoni, maana za simu yake zinanitoa vibaya. Wifi yangu anasema nimuulize kaka yake kwanza, nahisi ni wivu tu. Ninunue hii, au kuna iliyo bora zaidi?
Mke Mwenye Nia Njema

Mwanangu, nia nimeiona. Mke anayejinyima ili mumewe afurahi si mke wa kubezwa. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma namwona mumeo vizuri kuliko unavyomwona wewe unayelala naye. Hiyo Canon usiinunue. Na wifi yako hana wivu wowote, amekuambia la kweli ukalikataa kwa sababu limetoka kwake.

Turudi kwenye ile Jumapili uliyoipitia kwa mstari mmoja. Mwanamume anaishika lenzi, anaigeuza taratibu, anaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Unajua anatafuta nini? Anatafuta ukungu. Lenzi ikikaa gizani kwenye unyevu huota nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na huota ndani kati ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Ukiwahi kuziona kuna la kufanya. Ukichelewa zinakula kioo, na lenzi haiponi tena. Kwa hiyo mumeo haendi kabatini kupoteza muda, anakwenda kuwajulia hali wagonjwa. Mtu hamjulii hali aliyekwisha kumzika. Huyo hajaacha kupiga picha, mwanangu. Kuna kitu kimemzuia, na miaka tisa hujamuuliza ni kitu gani. Ungekuwa umemuuliza, ungeniandikia alivyojibu.

Sasa hiyo kamera yako. Kila kampuni ina namna yake ya kupachika lenzi kwenye bodi, yaani mwili wa kamera, na lenzi ya Nikon haikai kwenye DSLR ya Canon bila pete ya kuunganishia. Siku utakayomwekea hiyo Canon mezani bila pete hiyo, lenzi tatu za baba yake zitakuwa mapambo. Hatakugombeza, kwa ninavyomsoma si wa kugombana. Atasema asante, ataiwasha, atakupiga picha mbili tatu, kisha kamera itafuata njia ya saa na viatu, na wewe utaniandikia tena kwamba hashukuru.

Ilhali mlango uko wazi. Nikon walianza kutumia umbo lao la kupachika lenzi mwaka 1959, na DSLR zao zote zimelirithi. Maana yake lenzi aliyoishika baba mkwe wako ujana wake inaweza kukaa leo kwenye bodi ya kidijitali na kutoa picha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao huu si wako hata uamue kuuacha. Ni wa mumeo, na aliyemtandikia yuko kaburini.

Usikimbilie basi kununua Nikon yoyote. Hapa ndipo wifi yako alipokushinda akili. Mwaka 1977 Nikon walibadilisha jinsi lenzi inavyoiambia kamera kitundu chake cha kupitisha mwanga kimefunguliwa kiasi gani. Lenzi za kabla ya hapo, kama fundi hakuzirekebisha, zinaweza kukivunja kidude kidogo cha kusoma kitundu hicho, kilicho ukingoni mwa bodi za kidijitali za Nikon kama D7200 au D750, wakati wa kupachika. Za baada ya hapo zinakaa vizuri kwenye bodi hizo mbili. Unaiambia kamera milimita zilizoandikwa kwenye lenzi na ukubwa wa kitundu chake, nayo inakupimia mwanga. Ukizipachika kwenye D3500 au D5600, ambazo ndizo nyepesi, zinaingia, lakini kipima mwanga kinanyamaza na mpigaji akisie mwenyewe. Hata D7500, iliyotoka baada ya D7200, iliondolewa kidude hicho, ndiyo maana nasema mpya si lazima iwe bora kwake. Na popote atakapozipachika, atalenga kwa kuzungusha pete kwa vidole, kwa sababu lenzi za aina hiyo hazijilengi.

Lipo na la ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha mahali pa filamu. D750 ina sensa kubwa, sawa na kipande cha filamu, milimita 36 kwa 24, kwa hiyo lenzi ya milimita 50 itaona vilevile alivyoizoea. Kwenye D7200 sensa ni ndogo, na lenzi hiyohiyo inabana mwonekano kama ya milimita 75. Sebuleni itabidi arudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Wapo wanaopenda hivyo kwa picha za nyuso. Yeye je?

Unaona? Lenzi zake ni za mwaka gani, zimerekebishwa au la, anapenda kupiga karibu au mbali, majibu yote anayo mtu mmoja tu, na ndiye huyo unayemficha.

Huyo muuzaji wako mwangalie vizuri. Canon na Nikon wamehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kile kioo cha ndani cha kuakisi kilichomo kwenye DSLR, na DSLR mpya kabisa si jambo la kila siku tena, basi mwambie akuonyeshe jina kamili la hiyo anayoiita toleo jipya. Na megapikseli 32 zisikupumbaze. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli, yaani nukta, 6000 kwa 4000, na ukurasa wa A4 uliochapwa kwa ubora wa juu hauhitaji hata nusu ya hizo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Lenzi safi na mkono uliotulia ndivyo vinavyotoa picha.

Nije kwako sasa, na usinune. Umeandika unataka afurahi, kisha pumzi hiyohiyo ukaandika kwamba picha za simu yake zinakutoa vibaya. Zawadi hii ni ya nani? Ile saa ilikuwa ya nani? Nadhani ilikuwa saa nzuri ya kuonwa na watu kwenye mkono wa mumeo. Na viatu kumpa mdogo wake, wewe umeona dharau, mimi nimeona mtu aliyepewa asichokihitaji akakipeleka kwa anayekihitaji. Huyo hana ugumu wa kushukuru, amechoka kushukuru vitu ambavyo hakuvitaka.

Ndoa za siku hizi zimevamiwa na ugonjwa wa kushtukizana. Mke hajui mumewe analala na wazo gani, ila anajua atamshtukiza kwa nini mwezi ujao. Boksi linafunguliwa, simu zimeinuliwa pande zote, mwenye zawadi anatakiwa alie au aruke, na asipolia anaitwa mkavu. Tangu lini mtu akapendwa kwa kuviziwa? Zamani mke aliweza kukaa na mumewe kimya akajua kwa kumtazama tu kwamba fulana imechakaa au kisu cha kazi kimekuwa butu. Siku ya pili kitu kilikuwapo, bila kelele. Kumtazama kule ndiko kulikokuwa zawadi. Naandika haya kwa uchungu kwa sababu napokea barua nyingi za watu waliopeana vitu vya thamani na hawajazungumza kwa miezi.

Halafu kianzio umekitoa kwenye akiba yenu, yeye hajui. Hilo silipambi kwa maneno matamu. Akiba ya wawili haitolewi na mmoja, hata kama ni ya kumnunulia mwenzake dhahabu. Mwambie leo, kabla hajaona mwenyewe kuna pengo. Mweleze ulitaka kumfurahisha ukakosea njia, atakuelewa. Muuzaji naye mwendee umuombe pesa irudi, na akikataa muulize kama unaweza kuihamishia kwenye bodi nyingine.

Jumapili hii asiende dirishani peke yake. Kaa karibu naye, simu iache chumbani. Muombe akushikishe lenzi moja, akuonyeshe anachokitafuta ndani ya kioo, akusimulie baba yake alipiga nini kwa hiyo. Usimkatize. Kamera usiitaje mpaka aitaje yeye, na ataitaja. Ndipo umuulize: bodi ikipatikana ya kuzipachika hizi, ungetaka ipi?

Akitaja aliyotumia mtu mwingine, usione aibu. Nyingi za bodi nilizokutajia utazipata hivyo. Nendeni pamoja, abebe lenzi zake azijaribu hapohapo dukani, na muulize imeshabofya mara ngapi. D7200, kwa mfano, shata yake, lile pazia linalofunguka kila picha inapopigwa, ilipimwa kiwandani kwa mibofyo 150,000. Iliyobofya 20,000 bado ina maisha marefu.

Na akikuambia haitaki ya kidijitali, anachokosa ni filamu na nafasi ya kutoka nyumbani, basi mnunulie filamu, mlipie gharama ya kuzisafisha, na Jumamosi wewe ubaki na watoto, kama mnao.