Nywele Zina Kiu, Wewe Unazipa Mafuta

Simu imejaa tena. Nimechagua maswali tisa na kuyafupisha. Ya mawigi na rangi yatasubiri. Wanaouliza jambo nililokwisha kulijibu mara tatu wasinune nikiwajibu kwa mkato.

Nina nywele za asili, kavu kama fagio la chelewa. Napaka mafuta asubuhi na jioni lakini hazilainiki. Nihamie mafuta gani? – Tabata, Dar es Salaam

Usihame. Anza na maji. Mafuta hayana hata tone la maji, na unywele wa kipilipili hulainishwa na maji. Kupaka mafuta kwenye nywele kavu ni kufunika sufuria tupu ukasubiri wali. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa chako nayo hayafiki nchani kirahisi, kwa kuwa unywele umejiviringa kama springi. Mwenye nywele za singa hana tabu hiyo, kwa hiyo acha kuiga anachopaka yeye.

Nywele ziwe mbichi, lakini zisichuruzike. Paka livini (kondishena isiyosuuzwa), kisha mafuta kidogo juu yake ili maji yasikimbie. Gawa kichwa mafungu manne, la sivyo utapaka juu juu na ndani kubaki jangwa.

Dukani, geuza chupa. Mbele kuna parachichi na msichana anayecheka. Habari yenyewe iko nyuma, kwa herufi za sisimizi. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza kikiwa Aqua au Water, umeshika kitu chenye unyevu. Kikiwa Petrolatum (ndiyo Vaseline) au Paraffinum Liquidum, umeshika kifuniko, hata kama mbele wameandika Moisturizing kwa rangi ya dhahabu. Kifuniko si sumu, na wengi wanaowatisha watu kuhusu Vaseline wana kopo lao la kuuza. Kitumie tu kama kifuniko. Lile parachichi ukilikuta mkiani baada ya manukato, ujue lilichungulia tu kiwandani likaondoka.

Glycerin ikikaa karibu na mwanzo wa orodha ni dalili njema, maana huvuta maji. Dar na Tanga hewa yenyewe ina maji, itakufaa sana. Dodoma mwezi wa nane, usiiache bila mafuta juu yake.

Mafuta ya nazi je? Wengine wanasema yanakausha. – Tanga

Mtu wa Tanga unaniuliza mimi nazi? Ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo ya kuyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa. Kwa hiyo yapake kabla ya kuosha, si baada tu. Anayeona yanamkausha mara nyingi ameyapaka mengi juu ya nywele zisizo na maji. Rudi jibu la juu. Ukipika mwenyewe kwa tui, pika hadi mapovu yaishe na mashapo yawe ya kahawia. Yakibaki na maji yatachacha, na hakuna manukato yatakayoficha harufu ile ndani ya daladala.

Mafuta gani yanakuza nywele haraka? – wasomaji kumi na saba

Hakuna.

Haya, niongeze. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, zako pia. Zinakatika nchani kwa kiasi kilekile zinachokua, ndiyo maana unaziona zimesimama palepale tangu Pasaka. Nyonyo, kitunguu maji, mchanganyiko wa yule dada wa mtandaoni anayekuonyesha nywele zake bila kukuonyesha mshono wa wivingi: weka pesa yako kwenye kondishena.

Napulizia maji ya karafuu kila siku, sasa kichwa kinawasha. Niendelee mpaka kizoee? – Mombasa

Acha leo. Karafuu ina yujenoli, ileile inayokufisha ganzi jino, na ngozi za watu wengi haziipendi. Kuwasha ni ngozi inakukataza. Isitoshe maji yaliyochemshwa na viungo yakikaa siku nne kwenye chupa bila kihifadhi huota vijidudu, na wewe unajipulizia utosini. Karafuu iwekeni kwenye pilau.

Binti yangu ana miaka 5, nywele zake ngumu, analia nikimchana. Saluni wamenishauri dawa ya watoto ya kunyoosha nywele. Ni salama? – Mwanza

Hapana, mama. Na hiyo "dawa ya watoto" ni jina la sanduku. Nyingi zimeandikwa No Lye, maana yake hazina sodium hydroxide, kemikali kali ya kunyooshea nywele. Zina calcium hydroxide, ambayo ukiikoroga na chupa ya pili ndani ya sanduku hutoa kemikali kali nayo. Inavunja viungo vya ndani vya unywele uleule na kuunguza ngozi ileile, sasa ni ngozi ya mtoto asiyejua kusema "inachoma" mapema. Nilikaa saluni miaka mingi. Vidonda vya namna hiyo nimevipangusa kwa mikono yangu.

Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka 11. Waliotumia vinyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wasiovitumia. Hilo halithibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo, na waliochunguzwa walikuwa watu wazima. Lakini mwanao ukimwanzishia akiwa na miaka 5, hesabu retachi (kurudia dawa kila nywele zikiota) atakazofikisha akiwa na 40.

Analia kwa sababu unamchana kavu. Lowesha, paka kondishena mpaka nywele ziteleze, shika fungu dogo karibu na ngozi asivutike, chana kwa kitana cha meno mapana kuanzia nchani kwenda juu. Kisha msuke mabutu yaliyolegea. Ukishindwa kabisa, mnyoe. Nusu ya darasa lake wamenyolewa. Na hilo neno "ngumu" usilirudierudie mbele yake, analisikia.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Nywele zinakakamaa hata nikitumia shampuu ghali. – Mbagala

Shampuu haina kosa. Kuyachemsha hakuondoi chumvi, kwa hiyo usiunguze mkaa. Oshea ya kisima, suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya dumu ulilonunua. Lita mbili zinatosha. Siki kijiko kimoja kikubwa kwa lita ya maji husaidia pia, kisha suuza tena. Macho yafumbe.

Mba haziishi, na mafuta napaka kila siku. – Nakuru

Unazilisha. Fangasi wanaochochea mba hula mafuta ya kichwani. Punguza mafuta kwenye ngozi, osha kila wiki, tafuta duka la dawa shampuu yenye ketoconazole na uiache kichwani dakika tano. Kama ni mtoto na ana mabaka ya duara yaliyonyonyoka, hayo ni mapunye: ni vidonge kutoka hospitali, na wenzake wanaochangia kitana wachunguzwe.

Bibi alikuwa akituosha nywele kwa majani ya mkunazi. Ni kweli yanafaa au ni mazoea tu? – Muscat

Yanafaa, na hapo ulipo unayapata ya unga sokoni kwa jina la sidri. Yana saponini, hutoa povu jepesi. Suuza sana, chembe hung'ang'ania kwenye kipilipili. Ila mtu akikuuzia "hina nyeusi", kataa: hina halisi haiwi nyeusi, hiyo imetiwa piko, rangi nyeusi ya kemikali, na piko huweza kubabua ngozi vibaya.

Msusi wangu ana mkono mzuri mno, lakini akinisuka rasta nalala na panadol siku mbili, na vipele vinatoka kwenye paji. Nivumilie? – Arusha

Fumua usiku huu. Nywele za mbele zikivutwa hivyo mwaka hadi mwaka, mizizi hufa na hazioti tena. Safari ijayo mwambie alegeze na apunguze uzito wa rasta. Akikujibu "ukilegeza hazidumu", lipa nauli urudi nyumbani. Usimtaje jina langu. Arusha ni ndogo, huenda ndiye anayenisuka na mimi nikija.