Picha ya mahafali: maandalizi huanza wiki mbili kabla

Sebuleni kwa mama, huku Mwanga mjini Kigoma, kuna picha mbili za mahafali ukutani. Moja ni yangu, kidato cha nne, 2011. Nyingine ni ya mdogo wangu wa mwisho, aliyemaliza miaka saba baadaye. Mgeni akiingia humtambua mdogo wangu papo hapo. Akifika kwenye yangu huuliza, "Na huyu nani?" Uso una rangi ya majivu, shingo ina rangi yake, na macho yamemezwa na kivuli. Mama haitoi ukutani, kwa sababu hana nyingine ya siku ile.

Imeniuma miaka mingi. Ndiyo maana mdogo wangu alipokaribia kumaliza nilimwandaa kwa mikono yangu, na tangu hapo naandaa watoto wa ndugu na wa majirani kila mahafali yanapofika.

Naanza na poda, kwa kuwa ndiyo iliyoniharibia. Asubuhi ile rafiki yangu, mweupe kunizidi, alinipaka poda yake. Kwenye kioo cha bweni nilijiona nimependeza sana. Flashi ya kamera ilipowaka, poda ile ikarudisha mwanga wote na uso ukabaki kama umepakwa chokaa. Ukitaka poda, tafuta inayofanana na ngozi yako, na uijaribu kwenye taya, karibu na shingo, wala si mgongoni mwa mkono. Kisha mwambie mtu akupige kwa simu yenye flashi, ndani, siku mbili kabla. Uso na shingo vikitofautiana, iache. Wengi wenu hamuihitaji kabisa. Kinachosumbua huku ni jasho na mafuta kung'aa kwenye paji na pua, na dawa yake ni leso safi ya pamba mfukoni: unagusa, husugui.

Halafu kuna jambo ambalo nalisema kwa uchungu. Kila mwaka namwona binti anayeanza mkorogo wiki tatu kabla ili "atoke" kwenye picha. Binti, usifanye hivyo. Krimu hizo mara nyingi huwa na kemikali kama haidrokwinoni au zebaki, na zimepigwa marufuku nchini kwa sababu zinadhuru. Ngozi ikishalainishwa hivyo, jua la Kigoma linaichoma na unaingia kwenye mahafali na mabaka. Hata sabuni au losheni nzuri, kama hujawahi kuitumia, usiianze katika wiki mbili za mwisho. Ngozi ikikataa, huna muda wa kupona.

Nywele nyoa siku tatu kabla, si asubuhi ileile. Wavulana wenye ndevu zinazoanza ndio wanaoumia zaidi: wembe wa leo ni vipele vya leo. Na kama shule yenu inaruhusu kusuka, suka mapema vilevile, maana msuko uliokazwa jana huvuta paji la uso na kutoa vipele kwenye laini ya nywele.

Sasa shati. Shati jeupe ndilo linalokaa karibu na uso kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo lisipokuwa safi picha nzima inachoka. Vumbi letu jekundu hujificha ndani ya kola. Igeuze, isugue kwa sabuni ya kipande na brashi ya meno iliyozeeka, iloweke, kisha suuza mara ya mwisho kwenye maji yenye bluu kidogo. Kidogo kweli: koroga bluu mpaka iyeyuke yote kabla ya kutumbukiza nguo, la sivyo utapata madoa ya samawati yasiyotoka. Anika kivulini likiwa limegeuzwa.

Kwa wanaotumia pasi ya mkaa, kama tulivyotumia sisi: washa nje, subiri mkaa ushike wote hadi uache kutoa cheche, kisha tikisa majivu na upanguse tako la pasi kwa kitambaa chenye maji. Anza na kanga kuukuu kabla hujagusa shati, na weka kitambaa chembamba chenye unyevu juu ya kola unapoipiga. Nilishaona cheche moja, ndogo kama kichwa cha kiberiti, ikitoboa shati karibu na kifungo cha juu saa kumi na mbili asubuhi ya mahafali. Yule kijana aliazima shati la kaka yake, likampwaya mabegani, na picha inaonyesha. Kwa hiyo piga pasi jana yake, mchana, ulitundike.

Ukishapendeza, kilichobaki ni mwanga, na hapa ndipo wengi wanapopoteza kila kitu. Mahafali ya kidato cha nne huangukia zaidi Septemba na Oktoba. Mwanzoni mwa Oktoba jua hupita juu ya utosi wetu hasa, na kwa kuwa tuko magharibi ya nchi, linafika utosini si saa sita bali saa saba kasoro kama dakika kumi. Muda huo hotuba zinaisha na kila mtu anakimbilia mpiga picha. Jua la utosini pamoja na kofia ya joho huyageuza macho kuwa mashimo meusi. Yangu yalipotelea hapo.

Omba kupigwa asubuhi kabla ya sherehe, au subiri kuanzia saa kumi na moja jioni. Jua letu huzama karibu dakika arobaini baada ya lile la Dar es Salaam, kwa hiyo jioni tuna nafasi. Kama lazima iwe mchana, simama ukingoni mwa kivuli cha jengo, uso ukielekea kwenye uwazi. Usiingie chini ya mwembe. Majani yatakumwagia madoa ya mwanga usoni. Na ukuta mweupe usiuweke nyuma yako, maana simu itafanya uso kuwa mweusi. Uweke mbele yako, uukaribie, nao utakurushia mwanga laini usoni.

Wanaotaka ziwa nyuma yao, Kibirizi au Bangwe, nendeni asubuhi. Ziwa Tanganyika liko magharibi yetu. Ukilipa mgongo jioni, jua linakuwa nyuma yako na unatoka kivuli kitupu. Saa mbili asubuhi jua linatoka upande wa mji, linakuangaza uso, na maji nyuma yako yanakuwa ya bluu.

Ukisimama, geuza mabega kidogo, pumua nje, kisha tabasamu unalotabasamu nyumbani. Mwenye mwanya auonyeshe.

Mpiga picha patana naye mapema: picha ngapi, saizi gani, lini. Wangu alinipa nakala moja tu, nami sikujua kuomba faili. Omba faili yenyewe kwenye flashi ya kompyuta. Ikipitia WhatsApp itumwe kama dokumenti, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na ukiisafisha kubwa inavunjika. Kama unapigwa na simu, futa lenzi kwanza, kisha gusa uso kwenye kioo kabla ya kubonyeza.

Joho la kukodi lijaribu siku moja kabla na ulinyooshe. Na uliza lirudishwe saa ngapi, maana mimi sikuuliza. Bibi yangu alitoka Ujiji na kitenge chake kipya, daladala zikamchelewesha, akafika saa tisa. Joho lilikuwa limesharudishwa dukani. Tulikaa naye chini ya veranda, tukala wali, akanishika mkono muda mrefu, na hakuna aliyetupiga picha. Mdogo wangu alipomaliza, nilienda Ujiji kumchukua bibi mwenyewe saa moja asubuhi. Yumo kwenye ile picha ya pili, kushoto, ameushika mkono wa joho.