Maswali kwa Bwana Shamba: Nyanya Kwenye Ndoo

Swali: Bwana shamba, habari za kazi. Naishi ghorofa ya pili, sina ardhi ila kibaraza kinachopigwa na jua tangu asubuhi. Nataka kuotesha nyanya, sijawahi. Nina masufuria chakavu na ndoo za lita 10. Nianzie wapi? *Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Nzuri. Masufuria yaache. Ndoo ya lita 10 itazaa, lakini itakutesa: mche ukishakuwa mkubwa unamaliza maji yake kabla jua halijazama. Tafuta ndoo za lita 20 na kila ndoo iwe na mche mmoja tu, hata ukiona nafasi imebaki. Iliyokuwa na mafuta ya kula inafaa ukiiosha kwa sabuni. Iliyobeba dawa za kemikali usiichukue. Toboa kitakoni matundu sita hadi nane yenye upana wa kalamu, kisha iweke juu ya vipande vya matofali ili maji yapate pa kutokea. Ndoo nyeusi ivishe gunia, maana jua la Dar huipasha mpaka mizizi ikaungua.

Changanya debe mbili za udongo wa juu, debe moja ya samadi iliyooza hadi ikaisha harufu, na debe moja ya mchanga wa mtoni. Wa pwani una chumvi. Kwa ghorofani ningeacha mchanga nikaweka pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, kwa sababu ni nyepesi. Ndoo iliyojaa udongo uliolowa huweza kukaribia kilo 30, na kibaraza kina mwisho wake.

Mbegu nunua duka la pembejeo. Cal J, Roma VF na Rio Grande ni fupi, zinafaa ndoo. Moneymaker hurefuka bila kukoma na itakudai miti mirefu na kupogoa maotea (machipukizi ya pembeni) kila wiki. Mbegu za kukamua kwenye nyanya za sokoni ni bahati nasibu: nyingi ni za chotara, na watoto hawafanani na mama.

Sia kwenye vikombe vilivyotobolewa, kina cha nusu sentimita. Zitaota ndani ya siku 5 hadi 8. Baada ya wiki nne hivi, mche ukifika sentimita 15, uhamishe jioni na ufukie shina mpaka karibu na majani ya chini, kwani sehemu iliyofukiwa huotesha mizizi mipya. Chomeka mti wa kuegeshea siku hiyohiyo. Ukisubiri utakata mizizi.

Kuhusu maji, usiende kwa ratiba. Chomeka kidole: udongo ukiwa mkavu hadi pingili ya pili, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Mche mchanga hutosheka na nusu lita. Wenye matunda, siku ya joto, hunywa lita mbili na zaidi. Mwaga udongoni, si kwenye majani, usiite bakajani, ugonjwa unaokausha majani.

Wiki mbili baada ya kuhamisha, weka kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya NPK 17:17:17, kama gramu 5, ukingoni mwa ndoo mbali na shina, kisha mwagilia. Rudia kila wiki mbili. Urea iache: utapata majani ya kupendeza na maua ya kuhesabu.

Swali: Nyanya zangu zinaoza kitako, doa jeusi kama ngozi kavu. Nimepuliza dawa ya ukungu mara mbili, hakuna nafuu. *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Acha dawa, huo si ukungu. Tunda limekosa kalsiamu, na kalsiamu husafiri na maji. Ndoo ikikauka leo na kufurika kesho, ncha ya tunda ndiyo inayokosa kwanza. Chuma yaliyooza, tandaza nyasi kavu unene wa vidole vitatu juu ya udongo, na pima udongo kwa kidole kila siku, usiuache ukauke kabisa. Matunda yatakayofuata yatakuwa mazima. Maganda ya mayai hayatakusaidia msimu huu, huoza polepole mno.

Swali: Maua yanatoka mengi, yanadondoka yote. Nilisia Desemba. *Msomaji, Tanga*

Jibu: Ni joto. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukabaki na joto, chavua huharibika na ua huanguka. Sogeza ndoo mahali penye kivuli kuanzia saa sita mchana, na asubuhi gonga shina kwa kidole ili chavua imwagike. Mwakani sia Aprili, maua yakutane na baridi ya Juni na Julai.

Swali: Mche wangu ulikuwa mzuri, ghafla umenyauka mzima ukiwa bado wa kijani. Nimeongeza maji, wapi! *Msomaji, Mwanza*

Jibu: Kata shina karibu na udongo, uning'inize kipande chake kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika tano. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, ni mnyauko bakteria, na hauna dawa. Choma mche, osha ndoo na kisu kwa maji yenye jiki. Udongo huo usioteshe tena nyanya, pilipili, bilinganya wala viazi mviringo. Usipouona uzi, chunguza matundu ya ndoo: yakiziba, mizizi huoza kwa maji, na hapo kuongeza maji ndiko kunakoumaliza mche.