Mume wangu anasahau tangu aanguke na bodaboda: nimfanyishe mazoezi gani?

SWALI: Mume wangu alianguka na bodaboda barabara ya Masasi, miezi saba sasa. Kichwa kiliumia, akalazwa, leo anatembea vizuri. Lakini ukimwambia jambo asubuhi, mchana hana habari nalo. Cha ajabu, akikaa kubangua korosho hakosei, hadi shemeji zangu wanasema anajifanya. Nimemwekea michezo ya kumbukumbu kwenye simu, na kila jioni namuuliza, "Leo alikuja nani?" Nafanya sawa? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Dada, pole. Mumeo hajifanyi. Kazi ya mikono na habari za asubuhi hazihifadhiwi sehemu moja ya ubongo. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu ya ndani ya ubongo kushoto na kulia. Tangu hapo hakushika tena habari mpya. Lakini alipofundishwa kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, kila siku alichora vizuri zaidi, na kila siku alidai hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Michezo ya simu itamfanya hodari wa michezo hiyo, basi.

Swali la jioni ndilo naomba uliache. Akibahatisha "shemeji", kumbe alikuja mjumbe, kosa lile linaweza kumganda. Wewe ukisahihishwa unakumbuka kwamba ulisahihishwa. Yeye hakumbuki, kinachobaki ni neno alilolitamka mwenyewe. Kwa hiyo jibu litangulie swali.

Anza na jambo moja lenye faida. "Ufunguo wa stoo unakaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Unakaa wapi?" Akijibu, muulize tena baada ya dakika moja, kisha mbili, nne, nane, huku mkiongea mengine. Akisita, usimwache abahatishe: mpe jibu, alirudie, mrudi kwenye muda wa mwisho aliopatia. Na huo ufunguo watoto wasiuhamishe hata siku moja!

Yasiyofundishika hivyo yaandikwe. Daftari moja tu, likae mahali pamoja, na simu imlilie saa ya dawa. Familia nyingi hununua daftari zikaishia hapo. Nimeshalikuta moja limejaa michoro ya mtoto. Kulitumia nako hufundishwa kwa mtindo wa ufunguo: "Ukitaka kujua mambo ya leo, unatazama wapi?"

Siwezi kukuahidi kwamba kumbukumbu itarudi kama zamani, ila maisha yake yanaweza kuwa mepesi kuliko sasa. Mkienda hospitali ya Ligula, ulizia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemfundisha mgonjwa kumudu shughuli za kila siku. Lakini akianza kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, kusinzia ovyo au kupata degedege, mpeleke saa hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Bodaboda asiendeshe mpaka daktari aruhusu.

Siku utakayomuuliza mkutano wa AMCOS, chama chenu cha ushirika wa wakulima, ni lini, naye badala ya kukuna kichwa akanyoosha mkono kuchukua daftari, niandikie tena.