Nambari moja, simu tatu, inalia moja tu

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya wageni ina nambari moja ya simu ya intaneti. Tumeiweka kwenye simu tatu: mapokezi, jikoni na kwa meneja. Inayolia ni moja tu, tena hubadilika. Asubuhi jikoni, mchana mapokezi. Kupiga, zote zinapiga. Tatizo nini?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Waalaykum salaam. Simu zenu nzima. Kila simu ya intaneti hujisajili kwenye seva ya kampuni ili ijulikane ilipo, na hurudia usajili huo kila baada ya muda, mara nyingi saa moja au pungufu. Inaelekea kampuni yenu hushika usajili mmoja tu kwa kila akaunti, basi simu iliyojisajili mwisho huifuta iliyotangulia. Ndiyo maana mlio unahamahama. Kupiga hakuna tabu, kwani simu hutoa jina na neno la siri papo hapo.

Ulizeni kampuni kama inaruhusu usajili zaidi ya mmoja. Ikiruhusu, mlio umepatikana, ila kumhamisha mpigaji kutoka mapokezi kwenda jikoni kutabaki taabu, maana zote ni nambari ile ile.

Kwa nyumba ya wageni tunaona bora swichibodi ndogo. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, yenye programu ya bure ya swichibodi iitwayo Asterisk, inatosha kabisa. Hiyo peke yake ijisajili kwa kampuni. Simu zijisajili kwake, kila moja na nambari yake ya ndani, 101, 102, 103, na neno lake la siri. Kisha pangeni mlio: mapokezi sekunde 15, isipopokelewa zilie zote.

Sauti ikisikika upande mmoja tu, ingieni kwenye mipangilio ya ruta mzime kipengele kiitwacho SIP ALG. Hiyo hugeuza anwani zilizomo ndani ya ujumbe wa simu, mara nyingi vibaya, sauti ikaenda kusikotakiwa. Mazungumzo ya nje kwa G.711, mfumo wa kawaida wa kusafirisha sauti ya simu, hula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kwenda, na 90 kurudi. Ya ndani kwa ndani hayagusi intaneti.

Tafadhalini sana, neno la siri la 101 lisiwe "101". Wezi husaka swichibodi zilizo wazi usiku na mchana. Wakiingia hupiga nchi za nje, bili mnalipa nyinyi. Ruta na Pi ziwe kwenye UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika msipotee hewani. Na ulizeni akaunti inabeba mazungumzo mangapi kwa pamoja: ikiwa moja, mpigaji wa pili hatapata, hata simu mbili zikiwa zimekaa bure.