Vifuniko Vimebonyea, Mzinga Unanuka

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wasomaji walio Uingereza, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nyuki wakiugua, sheria inataka nini kwangu? Mimi nilisomea nyuki Tabora, na sasa nafugia Leicester, kwenye bustani za kukodi za halmashauri, kati ya viazi vya jirani na uzio wa reli. Kwa hiyo najibu kwa sheria za England. Walio Scotland wana za kwao, msije mkanilaumu.

Bibi, shikamoo. Nilinunua mizinga miwili iliyotumika kwa mzee aliyeacha kufuga. Wiki hii nimeona vifuniko vya majana (nyuki wachanga walio ndani ya masega) vimebonyea, vina unyevunyevu na vitundu, na mzinga unanuka. Rafiki yangu ananiambia nichome mwenyewe kimya kimya, nisijiletee mambo ya serikali. Mzinga wa pili unaonekana mzima, nataka niupeleke kwa shemeji yangu Bradford kabla haujaambukizwa. Nakosea?
*Dereva wa basi, Leeds*

Marahaba, mjukuu wangu. Huo mzinga wa Bradford usiuguse. Tuanzie hapo, mengine yatafuata.

England ina amri ya mwaka 2006 ya kudhibiti maradhi na wadudu wa nyuki, iliyotungwa chini ya Sheria ya Nyuki ya 1980. Imetaja mambo manne ambayo ukiyaona lazima utoe taarifa: uozo wa majana wa Kimarekani, uozo wa majana wa Ulaya, mbawakawa mdogo wa mzinga, na utitiri uitwao tropilelapsi. Sheria haingoji uwe na uhakika. Ukishuku tu, umeshabeba wajibu wa kusema. Na tangu hapo, hata kabla hujaletewa karatasi yoyote, hakuna kinachotoka hapo ulipofugia: nyuki, fremu, asali, wala sanduku tupu.

Kwa unavyoeleza, nami nashuku ule wa Kimarekani. Jana anakufa akiwa ameshafunikwa, ndiyo maana kifuniko kinabonyea. Chukua njiti ya kiberiti, toboa kifuniko kimoja, zungusha, vuta polepole. Kama kinachotoka ni cha kahawia na kinavutika kama kamasi, sentimita moja, mbili, hata tatu kabla hakijakatika, una jibu la kutosha la kupiga simu. Njiti iache ndani ya seli (kitundu cha sega) hiyohiyo. Funga mzinga, nawa mikono, osha vifaa, kisha piga simu Kitengo cha Taifa cha Nyuki, makao yake Sand Hutton karibu na York. Mkaguzi atakuja na kipimo kidogo kinachotoa jibu hapohapo. Hutalipa hata senti.

Sasa kuhusu kuchoma kimya kimya. Rafiki yako amepatia nusu: mzinga wenye uozo wa Kimarekani kweli unachomwa. England hakuna ruhusa ya kuutibu kwa dawa, kwa sababu antibayotiki inaua bakteria lakini mbegu zao zinabaki, na mbegu hizo zinaweza kukaa kwenye mbao na masega zaidi ya miaka 40 zikisubiri jana mwingine. Ila ukichoma peke yako, nani atamfuata yule mzee aliyekuuzia kumwuliza wengine aliowauzia ni nani? Nani atakagua mizinga ya majirani, ambao nyuki wao huenda wamekuwa wakija kuiba asali kwenye mzinga wako dhaifu? Mkaguzi anakuja kwa ajili ya hao pia. Na kunyamaza ni kosa la jinai lenye faini.

Nimesimama kwenye uchomaji wa namna hiyo, mizinga ya mwenzangu wa bustani. Hufanywa jioni nyuki wote wakisharudi. Mlango ukazibwa, petroli kiasi ikamiminwa kwa juu, na mvumo wa ndani ukakatika ndani ya dakika chache. Kisha nyuki, fremu, masega na asali yote vikaingia shimoni. Asali ilichemka na kutoa povu chini kabisa, ndiyo iliyochelewa kuungua kuliko vyote. Mwenzangu akaomba abakiziwe walau fremu za juu zisizokuwa na majana. Akakataliwa, kwa sababu mbegu zinasafiri kwenye asali. Baada ya kila kitu kuteketea, shimo likafukiwa kabla hakujapambazuka, nyuki wa mizinga mingine wasije kulamba. Masanduku ya mbao yaliachwa, lakini yalichomwa ndani kwa moto wa gesi mpaka mbao zikawa na rangi ya kahawa.

Fidia ya serikali usiitarajie. Wafuga nyuki wana bima yao maalumu ya maradhi haya, na hiyo hukatwa kabla ya msiba. Muulize katibu wa chama cha wafuga nyuki cha hapo kwenu.

Bibi, nimepigiwa simu kwamba mkaguzi wa nyuki atakuja kwangu kwa sababu kuna uozo wa Ulaya umeonekana maeneo ya karibu. Mizinga yangu sijaiandikisha popote. Mume wangu hataki mtu wa serikali aingie uani. Ana haki ya kuingia? Na nitatozwa faini kwa kutojiandikisha?
*Mama wa watoto watatu, Reading*

Ana haki, mwanangu. Sheria ya 1980 inamruhusu kuingia wakati wowote unaofaa mahali anapoamini kuna nyuki. Mwombe kitambulisho, hilo ni lako, lakini ukimzuia umevunja sheria. Mwambie baba watoto kwamba mgeni huyu ataomba maji ya kunawia na nafasi ya kuinama juu ya mzinga. Mambo yenu mengine hayamhusu.

Faini ya kutojiandikisha hakuna. England kujiandikisha kwenye daftari lao, BeeBase, ni hiari. Mimi nakushauri ujiandikishe leo kabla hajafika, kwa sababu daftari hilo ndilo linalowawezesha kukupigia simu maradhi yakitokea jirani. Sijui walikupataje wewe. Nadhani kuna jirani aliyewaelekeza, na amekutendea wema.

Wakiukuta huo uozo wa Ulaya, usizimie. Huo unaua jana kabla hajafunikwa. Utamwona amejikunja vibaya ndani ya seli, ana rangi ya manjano iliyochujuka, amelegea kama anayeyeyuka. Hapa sheria inatoa nafasi zaidi. Kundi likiwa dhaifu sana linaangamizwa. Likiwa na nguvu, nyuki hukung'utwa wote kwenye mzinga safi wenye fremu mpya, na masega ya zamani na majana yake yanachomwa. Mara nyingine hutumika antibayotiki, oksitetrasaiklini, lakini hiyo hutolewa na mkaguzi mwenyewe. Usiitafute mtandaoni. Na hata baada ya tiba, amri ya kutohamisha kitu inabaki mpaka arudi, akague tena, na aiondoe kwa maandishi.

Shikamoo Bibi. Nyuki wa huku ni wapole ila ni wagonjwawagonjwa. Wa kwetu ni wakali lakini hawatetereki. Mwezi wa saba naenda Sikonge, Tanzania. Nikirudi na malkia mmoja kwenye kijisanduku mfukoni, nani atajua?
*Mpenda nyuki wa nyumbani, London*

Marahaba. Jambo hili limenichekesha na kuniogofya kwa pamoja.

Umesahau yule mbawakawa mweusi wa milimita tano hadi saba, anayekimbia kujificha kwenye kona ukifungua mzinga? Kule kwetu hakuna anayemjali. Nyuki wetu wanamfukuza na kumbana pembeni, na kundi lenye nguvu linaishi naye miaka yote. Ndiye yuleyule niliyemtaja kwenye jibu la kwanza. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Alipofika Marekani, akatambuliwa huko 1998, aliharibu mizinga kwa maelfu, kwa sababu nyuki wenye asili ya Ulaya hawajui kumdhibiti. Viluwiluwi wake wanatoboa masega, asali inachacha na kutiririka nje ya mzinga, inanuka machungwa yaliyooza. Mwaka 2014 alionekana Calabria, kusini mwa Italia, na kule nako walichoma mizinga. Uingereza hajafika, na wakaguzi wanataka ibaki hivyo.

Ndiyo maana malkia kutoka nje haingii hivihivi. Lazima atoke katika nchi iliyoruhusiwa, awe na cheti cha afya cha daktari wa mifugo wa serikali, na atoke katika eneo ambalo kwa kilomita 100 kuzunguka hakuna mbawakawa huyo wala tropilelapsi. Sikonge haiwezi kutimiza hilo leo wala kesho. Hata malkia halali akifika, mwagizaji anamhamishia kwenye kijisanduku kipya, na kile cha safari pamoja na nyuki wahudumu waliomsindikiza kinapelekwa maabara. Mayai ya mbawakawa ni madogo mno, mfuko wako hauna jicho la kuyaona.

Halafu huo ukali unaousifia, majirani zako wa London hawakuuomba. Njoo na picha.

Bibi, majana yangu yamekuwa magumu na meupe, yanadondoka kwenye kibao cha chini kama vipande vya chaki. Niwapigie simu?
*Muuguzi, Coventry*

Hapana. Huo ni ukungu, na haumo katika yale manne. Ongeza hewa, kinga mzinga na unyevu, na kama unarudi kila mwaka badilisha malkia.

Shikamoo Bibi. Kila mfuga nyuki hapa ana varoa, ule utitiri unaoshambulia nyuki, sasa wanataka tutoe taarifa ya nini? La pili: kaka yangu nyumbani ana dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi. Nasikia ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye vile vipande vya dukani vya kutibu varoa, na ni rahisi mara nyingi. Anitumie?
*Mstaafu, Birmingham*

Marahaba. Varoa alionekana Uingereza mara ya kwanza 1992, huko Devon, na sasa yuko karibu kila mahali. Tangu Aprili 2021, nje ya yale manne, sheria inataka uwepo wake utolewe taarifa. Usiogope, hakuna atakayekuja kukuchomea. Ukiwa umejiandikisha BeeBase, unaweka alama kwenye kisanduku kimoja pale unapojaza idadi ya mizinga yako, basi. Mimi pia naona ni kazi ya makarani, lakini ni ya dakika moja, na kuna visiwa ambavyo bado ni safi, kama Isle of Man, vinavyohitaji ramani ya kweli.

Hiyo dawa ya ng'ombe, hapana. Ni kweli amitrazi ni amitrazi. Lakini ile ya josho imechanganywa na viyeyushi vilivyokusudiwa ngozi ya ng'ombe, na hakuna aliyepima kiasi gani kinaingia kwenye nta na asali utakayompa mjukuu wako. Kipande cha dukani kimepimwa, kinaachia dawa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na karatasi yake inasema wazi kisiwekwe wakati masanduku ya asali yako juu. Kama bei inakuumiza, zipo dawa nyingine zilizosajiliwa, za thimoli na za asidi ya oksaliki, na wengi wetu tunatumia hiyo asidi katikati ya baridi, mzinga ukiwa hauna majana.

Kuna kitu hukuuliza, nacho ndicho wanachonaswa nacho wengi. Kisheria nyuki ni mnyama wa chakula. Kwa hiyo kila dawa unayonunua na kuitumia lazima uiandike: jina, namba ya toleo, kiasi, ulikoinunua, tarehe uliyoiweka, mizinga uliyoiwekea, na muda wa kusubiri kabla ya kurina. Kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5. Mimi natumia daftari la shule lenye jalada gumu, na risiti nazibandika humohumo kwa gundi.

Bibi, mimi niko Manyoni. Ndugu yangu aliye Ulaya anataka kunitumia mizinga iliyotumika, mashine ya kukamulia asali na karatasi za nta zilizochapwa. Kuna ubaya?
*Mfugaji, Singida*

Mashine ya chuma ipokee kwa mikono miwili, ikiwa imeoshwa kwa maji ya moto na soda mpaka haina hata tone la asali. Mbao na nta, mwambie abaki nazo.

Umesoma hapo juu kuhusu mbegu zinazokaa miaka 40. Kuyeyusha nta kwa sufuria hakuziui. Afrika Kusini walithibitisha uozo wa Kimarekani huko Western Cape mwaka 2009, na tangu hapo wanahangaika nao. Varoa naye, utafiti uliochapishwa 2010 ulimkuta Kenya na Tanzania. Nyuki wetu wamemstahimili vizuri kuliko wa Ulaya, lakini hilo halitupi sababu ya kuwapelekea mzigo mwingine.

Tanzania ina Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Kabla ndugu yako hajalipia kontena, nenda kwa afisa nyuki wa wilaya na orodha ya vitu vyote, akueleze kibali kinachotakiwa na nani wa kukitoa. Mwombe akujibu kwa maandishi. Na mizinga ya mbao mbona mafundi wa Manyoni wanaichonga vizuri tu? Hela ya kusafirisha makopo ya watu na ije kama hela.